Bi Mwanakheir na Ndege ya Mtumba

Ukija Kiponda kumuulizia Bi Mwanakheir, usihangaike na nambari ya nyumba, maana hakuna anayeijua. Sema unatafuta udi. Utaambiwa ufuate pua yako, na kweli, ukishalipita duka la vitambaa la Hamid, harufu itakushika mkono ikupeleke mpaka mlangoni. Mimi Ulfat ninaishi naye ukuta mmoja. Nashona magauni ya harusi, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuchukua gauni lake kwangu lisinukie jiko la Bi Mwanakheir. Wateja hudhani nalifukiza kwa ihsani. Silifukizi. Udi unapita ukutani wenyewe, na mimi nasifiwa bure.

Kazi yake ni kuunga udi. Huchemsha sukari mpaka ianze kubadilika rangi, akatia vipande vya mti wa udi, halafu marashi, miski, zafarani kidogo, huku anakoroga bila kuinua macho. Asiyejua atasema anapika kashata. Sukari ikiungua, udi wote umeharibika, na wa namna hiyo hauzi. Nimemwona akimwaga sufuria nzima kwa kasoro ambayo mimi sikuisikia. Nikamwambia, "Bi Mwanakheir, hao wanunuzi hawana pua hiyo." Akanijibu, "Mie n'nayo."

Huyo ndiye. Mzaliwa wa Makunduchi, aliyeolewa mjini akiwa kigori na marehemu mzee Usi, fundi seremala. Amekaa Mji Mkongwe kuliko wengi wanaojiita wenye mji, lakini akikasirika hurudi kwenye Kimakunduchi chake, na hapo mimi hunyamaza, maana najua nimetukanwa ila sijui kwa lipi.

Mola alimpa mtoto mmoja, wa kike, akamchukua kabla ya arubaini. Wiki hizo hizo, nyumba ya pili, mke wa Bwana Zahran alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, homa ikampanda hata maziwa yakakauka. Bibi yake mtoto akavuka njia na kichanga kilichochoka kulia, akasimama mlangoni kwa Bi Mwanakheir bila kusema neno. Bi Mwanakheir naye hakuuliza neno. Alikipokea, akakitia ziwani. Anasema yeye alilia na mtoto akanyonya, wakawa wamejuana. Mtoto huyo ni Mazin.

Kwetu, mwana uliyemnyonyesha ni wako. Dini imesema na jamaa wanajua. Basi Mazin akawa na mama wawili na njia moja ya kuvuka baina yao. Alipofika umri wa skuli, wazee wake wakahamia Maskati. Mama yake mzazi, Allah amrehemu, alimwambia Bi Mwanakheir siku ya kuondoka, "Nnakwenda naye, lakini ni wako." Maneno mazuri. Lakini asiyekuwapo na lake halipo, na kwa miaka mingi Mazin alikuwa sauti tu ya siku ya Idi, kwenye simu ya kuazima.

Mambo yalibadilika alipokuwa mtu mzima na biashara yake ikakua. Anauza vipuri vya mitambo ya migodini, na wateja wake wako Afrika Kusini. Akanunua ndege ndogo, kuukuu, ya watu sita, ambayo kutoka Maskati haiwezi kufika Johannesburg kwa pumzi moja. Lazima ishuke njiani itie mafuta, na pa kushuka ikawa Unguja. Rubani wake, Ayoub, wazee wake ni wa Fumba, kwa hiyo yeye hakulalamika. Tangu hapo, kila Mazin alipokwenda na kila aliporudi, simu ya Bi Mwanakheir ililia asubuhi: "Mama, tunashuka leo."

Ungeiona nyumba ile siku hizo! Sufuria za udi zilishushwa, zikapanda za wali. Pweza wa nazi, boga, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye hiliki mpaka ukohoe. Mimi nilitumwa sokoni kama sina cherehani. Mazin alifika mbio kutoka uwanjani, akabusu mkono, akala huku anatazama saa, akasifu, akacheka, akaondoka na kopo la udi kwapani. Mafuta yalishatiwa na Ayoub alikuwa anamngoja. Baada ya hapo Bi Mwanakheir alikuwa haambiliki kwa wiki nzima, kwa furaha. Sijui mtu aliyefaidi tangi dogo la ndege kuliko yeye.

Sasa siku moja simu ikalia, na siku hiyo haikuwa ya kushuka. Nilikuwa jikoni kwake namsaidia kuchagua vipande vya udi. Bi Mwanakheir husikiliza simu kwa sauti ya nje, kwa hiyo umbea sikuutafuta, ulinijia.

"Mama, nnanunua ndege nyengine," Mazin akasema.

"Ile imekufa?"

"Ah-ah, nzima. Lakini ndogo, mama. Hii kubwa, ya watu kumi na wanne, ina jiko, ina kitanda. Ya mtumba, lakini imetunzwa vizuri."

"Ya mtumba!" Bi Mwanakheir akaacha kukoroga. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya kampuni moja ya Ulaya."

"Kampuni haikai kitako. Kina nani walokuwa wakivikalia hivyo viti?"

Mazin akacheka kule Maskati. "Sijui, mama, matajiri tu. Lakini nsikilize basi. Hii nnaondoka hapa mpaka Johannesburg moja kwa moja. Hainilazimu kutua pahala popote."

"Popote?"

"Popote, mama! Tunapita tu juu kwa juu."

Alisema kwa fahari ya mtoto aliyepata namba moja skuli. Bi Mwanakheir akasema mashaallah, na sauti yake ilikuwa nzuri kabisa. Kama ningekuwa Maskati ningedanganyika. Lakini mimi nilikuwa jikoni, nikamwona mkono wake umesimama juu ya sufuria na mwiko haugusi kitu.

Mazin akaendelea. Alisema hatatia saini mpaka mama aione ndege kwa macho yake na ampe radhi. Wenye kuiuza watairusha kwa majaribio wiki ijayo, naye amewaambia waje nayo Unguja. "Radhi yako kwanza, mama. Bila hiyo sinunui hata baiskeli."

"Njoo nayo, mwanangu," akasema Bi Mwanakheir. Simu ikakatika. Sukari ikaungua, mimi na yeye tukiitazama.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia pale pale amwambie Mazin ukweli: kwamba ndege hii ikinunuliwa, yeye hatamwona tena ila kwa bahati. Akaniuliza, "Nimwambie nini? Usinunue, mwanangu, baki na ndege ya pumzi fupi mpaka nife, ili mie nkuone unatafuna pweza?" Nikasema ndiyo, hivyo hivyo, kwani kuna ubaya gani? Nikaongeza kwamba mtu aliyenyonyeshwa kwa machozi angefikiri mwenyewe bila kuambiwa, lakini fadhila za punda ni mashuzi. Hapo nilivuka mpaka. Kimakunduchi kilinishukia mvua nzima, na mimi nikarudi kwangu kushona, nimeroa.

Siku ilipofika alinigongea kana kwamba hatukugombana. Alikuwa amevaa baibui jipya, na kwenye mkoba ametia kopo la udi wake bora, ule ambao hupika kwa ajili ya maharusi wa watu anaowapenda. Chetezo cha udongo alikiacha, kwa kuwa makaa ya moto hayaingii uwanja wa ndege, hilo hata yeye analijua. Badala yake alibeba chetezo cha umeme alicholetewa zawadi na Mazin mwenyewe kutoka Maskati. Kilikuwa kimekaa kabatini tangu kifike. Alikuwa akikiita jiko la wavivu.

"Unakwenda nacho wapi hicho?" nikamuuliza.

"Kwani wee ukinunua nguo ya mtumba unaivaa hujaifua?"

"Naifua."

"Basi. Ndege haifuliki."

Na kwa kweli kwetu hakuna anayehamia nyumba ya mtu, wala anayelalia kitanda cha mtu, kabla hakijafukizwa. Huwezi kujua nani alikuwa na husuda pale, nani aliumwa, nani aligombana na mkewe. Mtu akikwambia haya ni mambo ya kizamani, nenda kwake siku anayohamia, utaukuta udi unafuka mpaka kwenye ngazi.

Ndege ilikuwa nyeupe, ndefu, safi kiasi cha kutia aibu. Mazin alitupokea chini ya ngazi, kashika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. Alikuwepo Ayoub, na wakala wa wauzaji, Mfaransa mmoja aliyevaa suti ya kijivu katika jua lile. Bi Mwanakheir akavua viatu chini ya ngazi. Mfaransa akasema haina haja. Ayoub akamtafsiria. Bi Mwanakheir akamtazama yule Mfaransa kwa huruma, akapanda peku, mguu wa kulia kwanza, na bismillahi yake ikasikika mpaka kwenye bawa.

Ndani, viti vya ngozi rangi ya chai ya maziwa, zulia linalomeza unyayo, meza zinazong'aa. Mazin akamwonesha kila kitu: kitanda, jiko, choo chenye kioo na taa. Alikuwa akifungua droo na kuzifunga kama anayeuza yeye. Bi Mwanakheir akasema mashaallah kwa kila droo. Halafu akainama, akanusa kiti kimoja, akanusa cha pili, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ulfat, humu wamekaa watu wasiozungumza."

Mazin na Ayoub wakashuka na wakala kwenda kutazama injini. Bi Mwanakheir akasubiri kidogo, akafungua mkoba. Soketi akaiona chooni, chini ya kioo. Chetezo akakiweka hapo, akakijaza udi pomoni, akasubiri mpaka moshi uanze kupanda, akafunga mlango, maana kitu hufukizwa kikiwa kimefungwa, moshi uingie vizuri. Tukakaa kwenye viti vya chai ya maziwa, mikono mapajani, tukingoja zamu ya chumba cha pili. Niulizeni mimi kama nilijua kwamba choo cha ndege kina kidude cha kunusa moshi. Sikujua. Nacho kilikuwa na pua kali kuliko ya Bi Mwanakheir.

King'ora kililia hata meno yakaniuma. Ayoub alipanda ngazi kwa hatua mbili, wakala nyuma yake; wakala ndiye aliyefungua mlango wa choo, na wingu la udi wa harusi likamkumba usoni. Alikishika chetezo kwa mkono, akaungua, akapiga kelele kwa Kifaransa. Gari la zimamoto likaja na taa zake. Watu wazima wenye kofia za chuma walipanda ndani ya ndege, wakavuta pumzi, wakatazamana. Mmoja akauliza, "Harusi ya nani?"

Mimi ningecheka, kama si uso wa Mazin. Wakala alikuwa anazungumza haraka, kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Ayoub akatueleza: moshi ukishaonekana ndani ya ndege, lazima mafundi wafungue mbao za ukutani, wakague nyaya zote, wahakikishe hakuna kilichoungua. Kutwa nzima. Na harufu imeshaingia kwenye ngozi na zulia, haitoki leo wala kesho. Mnunuzi mwengine anangoja kuitazama Nairobi, na sasa hawajui watamwambia nini.

"Anasema ndege hii ilikuwa haina harufu yoyote," akamaliza Ayoub.

"Hiyo ndiyo ila yake," akajibu Bi Mwanakheir. Ayoub, kijana mwenye adabu, hakutafsiri.

Mazin hakumtazama mama yake. Alisema tu, "Rudini nyumbani. Ntakuja." Njia nzima Bi Mwanakheir alikaa na mkoba mtupu mapajani.

Alikuja baada ya alasiri. Nilisimama niondoke, Bi Mwanakheir akanishika gauni. "Kaa." Nikakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Hakukaa. Alisimama pale penye sufuria za udi, shati jeupe limeingia vumbi la mafundi. "Mama, nakuuliza kitu, na usinfiche. Umefanya makusudi?"

Nilitaka kumrukia. Bi Mwanakheir akainua mkono kunizuia, ingawa sikuwa nimesema neno. Ananijua.

"Udi nimeutia kwa nia njema, Wallahi," akasema. "Sikutaka ukalie viti vya watu bila ya kufukizwa. Hilo ni moja." Akaukunja ukingo wa kanga yake, akaukunjua. "Lakini kile kitu kilipolia, na wale watu walipokuja mbio, na yule Mzungu alipokasirika, mie nlifurahi. Nakwambia kweli, Mazin. Nlikaa pale kwenye kiti nikasema, ya Rabbi, isinunuliwe."

"Isinunuliwe? Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu haitui."

Mazin alimkodolea macho. Nilimwona asielewe, halafu nilimwona anaelewa, na sikuipenda sura ile, ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kitu kizuri gizani. Akakaa chini, sakafuni, na suruali yake ya pasi.

"Mama, nani kasema sitatua? Ntatua! Ntakuja zaidi kuliko mwanzo. Nakuahidi..."

"Usiniahidi." Alilisema kwa upole, lakini alilisema mara mbili. "Usiniahidi, mwanangu. Nsikilize. Kila ukishuka, napika, unakula, unacheka, unakwenda zako. Na kila ukishaondoka, nafurahi, watu wote wananiona nafurahi. Lakini nkibaki peke yangu na vyombo, najiuliza: huyu mtoto kaja kwangu, au kaja kwa mafuta? Sijawahi kukuuliza. Nlikuwa naogopa jawabu. Na wewe mwenyewe pengine hujui, maana haja na mapenzi vilikuwa njia moja, nani atavitenga?"

Mazin akaanza kulipangusa vumbi shatini.

"Basi inunue," akasema Bi Mwanakheir. "Nshaomba isinunuliwe, na dua hiyo naifuta. Radhi yangu nakupa, ya moyo wangu na ya ziwa langu. Nunua ndege isiyokuwa na haja ya kutua Unguja. Siku ukitua, mie ntajua."

Mimi nilikuwa nalia zamani. Mazin, mtu mwenye mvi na mitambo ya watu mabegani, aliuchukua mkono wa mama yake, akaubusu, akauweka usoni pake akakaa nao hivyo. Bi Mwanakheir akauacha mkono wake pale mpaka simu ya wakala ilipolia. Mafundi wamemaliza, hakuna kilichoungua, waondoke kabla ya magharibi. Akaondoka, kama kawaida, mbio.

Akainunua, na harufu yake na yote.

Sasa ndiyo sehemu ambayo sipendi kuisimulia, kwa kuwa nina hasira mpaka leo. Safari ya kwanza alikuwa na wageni ndani, watu wa migodi, hakuweza kushuka. Alipiga simu kesho yake: "Tumepita juu yenu, mama. Mawingu tu." Bi Mwanakheir akasema alhamdulillahi, umepita salama. Safari ya kurudi alipita usiku. Safari ya pili alikuwa amechelewa mkutano. Kila mara kulikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mwongo angalau unaweza kumchukia kwa raha. Mimi nilishamhukumu Mazin, na hukumu yangu haina rufaa.

Bi Mwanakheir alipika udi wake. Wali alipika wa mtu mmoja, na mara nyengine hata huo hakupika, alikula mkate na chai. Rajabu ikapita, Shaabani ikapita, tukafunga, tukafungua. Siku ya Idi Mazin alipiga simu kwa picha, na Bi Mwanakheir akamsalimia mpaka mjukuu wa mwisho. Alipokata nilimuuliza, "Sasa umeshajua?" Akaniambia, "Bado." Nikasema bado nini, mbona iko wazi? Akanitazama kama alivyomtazama yule Mfaransa pale uwanjani. "Ulfat, mtoto huanza kwa kuanguka. Hukuwahi kumwona mtoto akijifunza kwenda?" Nilitaka kumjibu kwamba huyu mtoto ana zaidi ya miaka arubaini. Nilinyamaza, na mwenye kunijua atajua hiyo ilikuwa sadaka.

Halafu masika yakaja, mvua inanyesha tangu alfajiri, uchochoro wetu umekuwa mfereji. Nilikuwa kwake, maana darini kwangu kunavuja. Sukari ilikuwa motoni. Tukasikia hodi. Nikafungua mimi, nikijua ni mteja mwenye haraka ya harusi, na alikuwa Mazin, peke yake, ameroa chepechepe, viatu mkononi. Hakuna simu iliyolia asubuhi ile.

Bi Mwanakheir akaruka kutoka kibaoni. "Kuna nini? Ndege imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mafuta yamekwisha?"

"Matangi yamejaa. Ayoub kanambia tumeshuka wazito kama mawe."

Bi Mwanakheir alitazama mikono yake iliyoganda sukari, akaipangusa kwenye kanga, ikazidi kuganda. "Sikupika," akasema. "Sina kitu, Mazin. Sina hata samaki. Ungelipiga simu, baba, ungelipiga simu nkakupikia."

"Kuna nini cha kula?" Mazin akauliza.

"Kiporo."

"Basi kiporo."

Nilikitia moto mimi, maana mikono yake bado ilikuwa na sukari. Wali wa jana na mchuzi wa mchicha, chakula cha mtu mmoja, na aliyekila alikuwa Mazin, akafuta sahani kwa kidole. Mama yake alikaa mbele yake akimtazama mdomo. Hakuna aliyetazama saa. Hakukuwa na mazungumzo ya maana; Mazin aliulizia dari langu linalovuja, akasimulia habari za mjukuu aliyeng'oka jino. Halafu akasema, "Mama, nnasikia usingizi," akajinyoosha pale pale juu ya mkeka, baina ya sufuria na magunia ya udi, kichwa karibu na goti la mama yake. Bi Mwanakheir akamfunika kanga kavu. Katika kuja kwake kote kule, mara zote zile, sikuwahi kumwona akifumba macho katika nyumba ile. Bi Mwanakheir naye nadhani hakuwahi, tangu akiwa wa kubebwa.

Mvua haikupungua. Sukari ilianza kunuka, nikaishusha. Bi Mwanakheir hakuisikia. Simu ya Mazin ikatetemeka juu ya mkeka, na jina likatokea, la Ayoub. Nikanyoosha mkono nimwamshe mwenyewe. Bi Mwanakheir akanipiga kofi dogo la mkono, akaichukua yeye.

"Naam, Ayoub," akanong'ona. Akasikiliza kidogo. Ayoub alikuwa akiuliza wataondoka saa ngapi.

"Sijui," akamwambia, kwa sauti ile ya mama mwenye kichanga anayezuia wageni mlangoni. "Amelala."